Jeni za lpx

Jeni za lpx ni kundi la jeni za bakteria wa Gram-hasi zinazoongoza utengenezaji wa lipidi A, sehemu ya mafuta inayoishikiza lipopolisakaridi kwenye utando wa nje wa seli. Katika Escherichia coli, lipidi A ina sukari mbili za glukosamini, fosfati mbili na minyororo sita ya asidi za mafuta.

Kazi huanza na kimeng'enya LpxA, kinachobandika mnyororo wa kwanza kwenye sukari. Hatua hiyo huweza kurudi nyuma. Ya pili, inayofanywa na LpxC kwa msaada wa zinki, hairudi. Hapo ndipo penye udhibiti mkuu. LpxC ikipungua, utando hudhoofika; ikizidi, seli hufa, na kwa sababu hiyo protini FtsH huivunjavunja ili kiwango chake kisipande. LpxD, LpxH, LpxB na LpxK huendeleza ujenzi, WaaA huongeza sukari mbili za Kdo, kisha LpxL na LpxM humalizia minyororo miwili iliyobaki. Njia hii imepewa jina la mwanabiokemia Christian Raetz.

Lipidi A ndiyo sumu inayoleta homa na mshtuko bakteria hawa wanapoenea katika damu. Ndiyo pia shabaha ya dawa ya kolistini. Acinetobacter baumannii, anayesumbua sana wodi za wagonjwa mahututi, huweza kuikwepa dawa hiyo kupitia mabadiliko katika lpxA, lpxC au lpxD: huacha kabisa kutengeneza lipopolisakaridi na bado akaishi, jambo ambalo kwa kawaida E. coli hawezi.