Jina Lililo Kwenye Ankara: Mnunuzi wa Gari la Mnadani kati ya Dzaleka na Lilongwe

Magari mengi yanayopita Lilongwe yalitumika kwanza Japani, yakauzwa mnadani hukohuko, kisha yakapakiwa melini kuelekea Dar es Salaam, Durban au Beira. Biashara hii imeota mizizi Malawi kiasi kwamba Mighty Wanderers, klabu kongwe ya Blantyre, iliwahi kucheza ligi kwa jina la Be Forward Wanderers, kwa heshima ya mfadhili wake, kampuni ya Kijapani inayouza magari yaliyotumika. Mnunuzi huangalia picha kwenye simu, hutuma dola, kisha hungoja. Gari likifika na injini mbovu, amdai nani, na kwa sheria ipi? Ninadai kwamba sheria inamlinda mnunuzi huyu kuliko anavyodhani, ila ulinzi huo humwendea mwenye jina kwenye ankara. Hapo ndipo mkimbizi wa kambi ya Dzaleka anapoachwa nje.

Tuanze na mnada wenyewe. Minada mikubwa ya Japani, kama ile ya kampuni ya USS, ni ya wanachama, nao ni wafanyabiashara wa magari. Mtu wa Lilongwe hupitia kwa msafirishaji, na msafirishaji huyo anaweza kuwa amesimama katika mojawapo ya nafasi mbili. Akitoa dau kwa niaba ya mteja, yeye ni wakala: analazimika kuwa mwaminifu, kutaja bei halisi ya mnadani na kutoficha alichokiona. Akiwa alikwisha kulinunua gari na sasa analitangaza kwa bei yake mwenyewe, yeye ni muuzaji, na mauzo hayo si mnada tena hata kama gari lilitoka mnadani.

Tofauti hiyo ina uzito. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1980 kuhusu mauzo ya kimataifa ya bidhaa, unaotumika Japani tangu 2009, hauhusu mauzo ya mnadani wala bidhaa zinazonunuliwa kwa matumizi ya nyumbani. Malawi haijajiunga nao. Hata hivyo, makubaliano yakiwa chini ya sheria ya Japani, aliyenunua gari la teksi kutoka kwenye akiba ya msafirishaji anaweza kuangukia ndani ya mkataba huo. Aliyenunua gari la familia hawezi. Lakini huyu wa pili hakuachwa mikono mitupu. Sheria ya Japani ya 2006 inayoamua sheria ya nchi gani itumike, katika kifungu chake cha 11, humruhusu mlaji kudai ulinzi wa lazima uliomo katika sheria ya mahali anapoishi kwa kawaida. Kifungu hicho hakimuulizi uraia wake. Mkongomani au Mrundi aliyekaa Dzaleka miaka kumi anaishi Malawi, na kwa hiyo sheria za Malawi za kumlinda mlaji ni zake pia.

Sheria hizo zinasemaje? Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Malawi, iliyofuata ile ya Waingereza ya 1893, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Kwa gari la Japani, maelezo muhimu kupita yote ni karatasi ya mnada: mkaguzi huandika alama ya hali ya gari, huchora mikwaruzo na mibonyeo, na huweka herufi R au RA kwa gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Mnunuzi aidai karatasi hiyo kabla ya kutuma hata dola moja, na aitafute tafsiri yake. Ikionyesha daraja la 4 na gari likaja na chesisi iliyounganishwa upya, hapo pana dai. Muuzaji atajitetea kwa sharti la kuuza gari “kama lilivyo”. Sheria ile ya zamani iliwaachia wahusika nafasi ya kukubaliana hivyo, ila Sheria ya Kulinda Walaji ya 2003 iliingia ili kuyabana masharti kandamizi ya aina hii. Nayo sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2016 inakataza ujumbe kukosa nguvu ya kisheria kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Kwa hiyo mazungumzo ya WhatsApp na picha za tangazo ni ushahidi. Zisifutwe.

Kushinda kesi ni jambo moja, kulipwa ni jingine. Mahakama za Japani hazitekelezi hukumu ya nje pasipo uhakika kwamba nchi iliyoitoa nayo ingetekeleza hukumu za Japani. Ndiyo maana kabla ya kulipa ni vyema kujua kama kampuni ina ofisi au wakala Malawi, mtu anayeweza kuitwa na mahakama ya hapa au kushtakiwa mbele ya Tume ya Ushindani na Biashara ya Haki.

Sasa twende wilaya ya Dowa, iliko kambi yenyewe. Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa Rais Kamuzu Banda. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000. Leo ina zaidi ya 50,000, na Kiswahili ni moja ya lugha zinazowaunganisha. Mwezi Mei 2023 serikali ilianza kuwarudisha huko kwa nguvu wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini. Mtu wa namna hii akitaka gari la kubebea mizigo, na benki ikiitilia shaka hati yake, njia rahisi ni kumwomba rafiki raia alipe na aandikwe yeye. Fedha ni za mkimbizi. Ankara, hati ya shehena na usajili ni vya rafiki. Gari likiwa bovu, msafirishaji atasema hamjui mdai. Rafiki akigeuka, hali ni mbaya zaidi.

Sheria ya uwakala ambayo Malawi iliirithi ina dawa: mtu aliyefichika nyuma ya wakala anaweza kujitokeza na kudai haki za mkataba, mradi athibitishe kwamba wakala alitenda kwa idhini yake. Neno zito hapo ni athibitishe. Karatasi moja iliyosainiwa kabla ya malipo, ikitaja nani ametoa fedha na gari ni la nani, inaweza kuokoa akiba ya miaka. Mashirika yanayotoa msaada wa kisheria kambini yangefanya jambo kubwa kuiandaa karatasi hiyo kwa Kiswahili na Kichewa.

Hata hivyo, naona aibu kumwachia mkimbizi peke yake mzigo huu. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka pingamizi kwa vifungu kadhaa, kikiwemo cha 13, kinachohusu mali inayohamishika na isiyohamishika, na cha 26, kinachohusu uhuru wa kutembea. Wapo wanaosoma pingamizi hizo kana kwamba mkimbizi hana haki ya mali. Katiba ya 1994 inawapinga: vifungu vya 28 na 41 vinampa kila mtu, si kila raia, uwezo wa kupata mali na haki ya kufika mahakamani. Isitoshe, kifungu cha 42 cha Mkataba kinaikataza nchi yoyote kuweka pingamizi kwa kifungu cha 16(1), kinachomfungulia mkimbizi milango ya mahakama. Kwa hiyo serikali inaweza kumpangia mahali pa kukaa, lakini haiwezi kutumia uwezo huo kumzuia asifuate kesi yake. Kibali cha kutoka Dzaleka kwenda kusikilizwa Lilongwe kinapaswa kutolewa kwa sababu anakidai, na afisa anayekinyima aeleze kwa maandishi ni kwa sheria ipi.