Kitoto cha Mnyama na Jina Lake: Ulezi katika Maandishi ya Karen na Lang'ata

Michezo ya video ya Pokémon Gold na Silver, iliyotolewa Japani mwaka 1999, iliingiza jambo jipya katika ukusanyaji wa viumbe, nalo ni uzazi. Mchezaji huwaacha viumbe wawili kwa wazee watunzaji, akapewa yai, akalibeba huku hatua zake zikihesabiwa hadi lianguliwe. Hapo huulizwa iwapo atakipa kitoto jina.

Muundo huo wa kutwaa, kulea na kutaja jina una historia yake katika viunga vya magharibi vya Nairobi. Katika Out of Africa (1937), Karen Blixen anasimulia habari za mtoto wa pongo aliyeuzwa na watoto kando ya njia, akaitwa Lulu. Uzuri wa jina humfanya msomaji asiulize nani hasa aliyemlea. Aliyemnyonyesha kwa chupa, na kumfungia usiku kwa hofu ya chui, ni Kamante. Mchezaji wa Pokémon angalau hutembea mwenyewe. Shambani Ngong, kazi ilikuwa ya Kamante, jina likawa la mwajiri.

Masimulizi ya Kamante mwenyewe yalichapishwa mwaka 1975, miaka saba baada ya Ngũgĩ, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong kudai, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kwamba fasihi simulizi ipewe nafasi yake. Hata hivyo yalipitia mikononi mwa Peter Beard. Mlezi alisikika, ila kwa hisani ya mwingine.

Kisa cha Daisy, ndama wa twiga aliyelelewa Lang'ata na Betty na Jock Leslie-Melville, kinatofautiana kidogo. Kitabu chao cha mwaka 1977 nacho kinabeba jina la mnyama, lakini ulezi huo ulikuwa na sababu: ardhi ya twiga hao huko Soy ilikuwa ikigawanywa. Kutokana nao kilizaliwa kituo cha twiga kilichofunguliwa kwa wageni mwaka 1983.

Lulu alipokua aliingia msituni. Alirudi na mtoto wake, akabaki nje ya nyumba, wala hakuna aliyemgusa yule mdogo. Kitoto cha namna hiyo hakimo katika Pokémon Gold: yai halianguliki ila likibebwa na mchezaji.