DAKTARI KWENYE SIMU: ilianzaje, na ilitufikiaje huku Kusini (Sehemu ya 4)

Wengi mmeuliza: "Nesi, kweli mgonjwa anaweza kusaidiwa kwa simu?" Leo tupitie historia, jibu limo humohumo.

Jambo hili si la jana. Mwaka 1879, simu ikiwa bado changa kabisa, jarida la madaktari la Uingereza, The Lancet, liliandika habari ya daktari aliyepigiwa usiku kuhusu mtoto anayekohoa. Akaomba mtoto asogezwe kwenye simu, akamsikiliza anavyokohoa, akaona sio ule ugonjwa wa koo waliokuwa wanauhofia. Hakukuwa na haja ya safari usiku ule.

Australia nako, mwaka 1928, walianzisha madaktari wa kuruka na ndege, na mwaka uliofuata zikaja redio za kukanyaga pedeli kama baiskeli, ili watu wa porini wamwite daktari. Kwetu Afrika Mashariki, Madaktari Wanaoruka walianza 1957. Ndio AMREF ya leo. Hospitali za misheni za mbali zikawa zinaongea na Nairobi kwa redio. Mhudumu anaeleza hali ya mgonjwa, daktari anaelekeza, ndege inatumwa pale inapolazimu tu.

Mnaona? Tangu mwanzo kazi ya simu haikuwa kutibu kila kitu. Kazi yake ni KUCHAMBUA: nani abaki nyumbani, nani aende zahanati, nani akimbizwe sasa hivi.

Huku kwetu uchambuzi huo ni uhai. Wazee wanakumbuka kabla ya Daraja la Mkapa, 2003, tulivyokuwa tunasubiri kivuko cha Rufiji. Na Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar ikakatika upande wa Somanga. Ukikosea wa kumpeleka mbali, unapoteza muda ambao haurudi.

Ndipo ilipokuja m-mama. Ilianzia Sengerema mwaka 2013, ikaenda Shinyanga, na mwaka 2022 Rais Samia akaizindua kitaifa. Unapiga 115, bure. Anayepokea anauliza maswali, anajua uende kituo gani, anatafuta gari la wagonjwa. Likikosekana, anatumwa dereva wa kijamii, na nauli analipwa na mfumo, sio wewe. Kituo kinachokupokea kinaarifiwa mapema, hivyo unakuta watu wamejiandaa.

Sasa jamani, tuseme ukweli. Idara ya dharura ikijaa mafua na vipele, mama anayetoka damu anapita katikati ya foleni. Kwa ushauri wa kawaida piga 199 ya Wizara ya Afya, nayo ni bure, au anza zahanati ya kijijini kwako.

LAKINI mtoto akipata degedege, akishindwa kunyonya, akipumua kwa shida, au hazinduki, usikae kusubiri ushauri. Nenda. Mjamzito au mzazi anayetoka damu, anayeumwa kichwa kikali na kuona maruerue, au kichanga chini ya siku 28 kimebadilika: 115 hapohapo, huku mnajiandaa kutoka.

Andikeni namba hizo ukutani, kwa sababu siku ya shida simu ya baba inakuwa haina chaji na yenye chaji anayo bibi. Bibi naye azijue.

Sehemu ya 5: homa ya usiku. Maswali yaleteni hapa chini.