Kura Mbili za Buha

Babu yangu alipiga kura ya urais mara ya kwanza tarehe 1 Novemba 1962, huku kwetu Heru, Buha, nchi ya Waha, kwa chifu wetu, Mwami Theresa Ntare. Alikuwa amerudi kutoka Tanga, kwenye mkonge, manamba kama Waha wengi wa rika lake, na kadi ya TANU alirudi nayo kutoka huko. Nyerere alipata asilimia 98 ya kura za nchi nzima, Zuberi Mtemvu wa ANC akaambulia zilizobaki. Mwaka uliofuata uchifu ukafutwa. Babu alimpenda mwami wake, lakini kadi hakuirudisha.

Baba alikuta karatasi nyingine. Kuanzia 1965 mgombea urais alikuwa mmoja: Ndiyo au Hapana. Ushindani ulibaki kwenye ubunge, wagombea wawili wa chama kilekile, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine ya nyumba. Wazee walibishana juu ya jembe na nyumba mpaka pombe ya ndizi ikaisha mtungini. Juu ya rais hakuna aliyebishana. Operesheni Kigoma ya 1972, ya kuhamishia watu vijijini, ilimng'oa baba migombani kwake, akapangwa kijijini kwenye mstari. Jambo hilo lilimuuma mpaka anakufa. Hata hivyo 1975 alitia alama kwenye Ndiyo. Naamini hapo ndipo mazoea yalipojengeka: rais ni wa taifa, mbunge ni wa kwetu.

Mwaka 2010, vyama vikiwa vingi tena, niliyaona mazoea hayo kwa macho yangu. Nilikuwa karani wa kituo, tukihesabu usiku darasani kwa taa ya chemli. Kura za urais tulizipanga juu ya dawati, fungu la Kikwete wa CCM likapita mengine. Tukafungua sanduku la ubunge: NCCR, NCCR, NCCR. Mikono ileile ya asubuhi! Chama hicho cha upinzani, NCCR-Mageuzi, kilipata majimbo manne nchi nzima, yote Kigoma: Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini, Muhambwe kule Kibondo, na Kigoma Kusini. Mgombea wake wa urais, Hashim Rungwe, hakufikisha hata asilimia moja ya kura za taifa.

Wageni waliandika kwamba Buha imehama chama. Haikuhama. Watu walikuwa wamechoka na vumbi la barabara ya Kibondo na wabunge wasioonekana, wakawaadhibu wao, si Ikulu. Walioshinda nao walipimwa kwa kipimo hichohicho: mwaka 2015 majimbo yote manne yalirudi CCM.