Kompyuta inasumbua? Mambo ya kuangalia mbele ya kukubali iformatiwe

Katika muji wa Kalemie, kompyuta ya nyumbani ikianza kusumbua, neno linalosikika haraka ni "kuformata". Lakini kuformata kunafuta vitu: kazi ya mwisho wa masomo, hesabu za kikundi cha akiba, picha za jamaa. Na mara nyingi ubaya hauko ndani ya programu hata kidogo. Njo maana inafaa kufuata hatua moja moja, na kuformata kubakie ya mwisho.

Umeme njo wa kwanza

Kalemie inapata umeme kutoka Bendera, kwenye mto Kyimbi. Umeme ukikatika gafla, kompyuta ya mezani inazimika palepale, sawa vile laptopu yenye betri iliyokufa. Faili iliyokuwa inaandikwa inaweza kuharibika, na kisha Windows inakataa kufunguka. Umeme ukirudi na nguvu nyingi, unaweza kuunguza chaja ao kisanduku cha umeme cha kompyuta. Dawa ni kuchomoa wakati umeme unakatika, kungoja dakika chache kisha kurudi kwake, na kutumia onduleri kwa mwenye uwezo.

Laptopu isiyowaka kabisa: kuchomoa chaja, kutoa betri kama inatoka, kufinya butoni ya kuwasha kwa sekunde 30, kisha kurudisha chaja peke yake. Ikiwaka hivyo, pengine betri njo mbaya. Betri iliyovimba haitobolewe wala kufinywa: inaweza kuwaka moto.

Intaneti inakataa, lakini kwenye simu iko sawa

Kuangalia tarehe ya kompyuta. Kama inaonyesha mwaka wa zamani, kurasa nyingi za intaneti zitakataa kufunguka, kwa sababu kompyuta inaona vyeti vyake vya usalama havina uhalali. Tarehe ikirudi nyuma kila mara umeme unapokatika, betri ndogo ya mviringo iliyo ndani imeisha. Kwa kompyuta nyingi ni ya volti 3, yenye maandiko CR2032. Fundi anaweza kuibadilisha bila kugusa faili hata moja.

Inapata moto na kuzimika yenyewe

Vumbi inaziba feni. Kompyuta ikijiona imepata moto kupita kiasi, inajizima ili isiungue. Laptopu isiwekwe juu ya godoro ao blanketi, maana nguo inafunga matundu ya hewa. Vumbi inapigwa kwa brashi laini, kompyuta ikiwa imezimwa na kuchomolewa.

Faili za flashi "zimepotea"

Flashi inayopita kwenye kompyuta nyingi za fotokopi inaweza kurudi na virusi inayoficha faili na kuweka alama za uongo mahali pake. Zile alama zisibonyezwe. Kuanza kwa kupitisha antivirusi. Kisha, katika dirisha la amri la Windows, kuandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E ikiwa herufi ya ile flashi). Kama zilikuwa zimefichwa tu, faili zitaonekana tena.

Disiki inapiga kelele

Kompyuta ikiwa polepole sana na disiki inagonga "tak, tak", disiki inaelekea kufa. Hapo si wakati wa kujaribu programu za kutengeneza, maana kila dakika inaongeza hatari. Kunakili kwanza faili za lazima kwenye disiki ingine. Kama Windows haifunguki, fundi anaweza kuwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux, ao kutoa disiki na kuiunga kwenye mashini ingine.

Mbele ya kumwachia fundi

Mwenye kompyuta amuulize maswali matatu: ubaya ni gani, umepimwa namna gani, na faili zitanakiliwa wapi. Kama jibu ni "tutaformata tu", asikubali mpaka aone kwa macho yake faili zimenakiliwa na zinafunguka.

Windows 10 nayo ilimaliza kupata msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta yake inaendelea kutumika, lakini virusi vipya vinaweza kuiingia kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo kazi ya lazima ikae mahali pawili, na ile disiki ya akiba ichomolewe kila mara kunakili kunapokwisha.