Joto la usiku, hedhi inayoruka: malaria, mimba ao menopoze?

Mama wa miaka 47 anaamka saa nane ya usiku, kikwembe kimelowa jasho, moyo unapiga mbio. Asubuhi ananunua vidonge vya malaria. Kisha wiki mbili joto linarudi, ananunua tena. Kusini mwa Maniema, toka Kasongo mpaka Kabambare, kufikiria malaria kwanza ni haki kabisa, maana malaria iko na inaua. Lakini kama kipimo cha kutoboa kidole kinasema hakuna malaria, na hedhi nayo imeanza kuruka miezi, pengine mwili unaelekea kukoma hedhi, ile waganga wa lopitali wanaita menopoze.

Mwanamke anazaliwa na mayai yake yote. Yanapokaribia kuisha, homoni ya estrojeni inapungua, lakini haishuki sawasawa: mwezi huu inapanda, mwezi ujao inaanguka. Ndiyo maana hedhi inakuja kisha wiki tatu, halafu inakosa miezi miwili. Kipindi hiki kinaweza kuchukua miaka kadhaa. Menopoze yenyewe inahesabiwa tu kisha miezi 12 mfululizo bila hedhi. Kwa wamama wengi duniani inafika kati ya miaka 45 na 55. Ikifika mbele ya miaka 40, munganga anapashwa kuangalia sababu. Mama mwislamu anayehesabu siku za saumu za kulipa ana hesabu tayari. Wengine wachukue daftari.

Joto lenyewe linaanzia kifuani, linapanda shingoni na usoni, linadumu dakika chache, kisha jasho na baridi kidogo. Kipimajoto hakionyeshi homa. Usingizi unakatika, hasira inakuwa karibu, viungo vinauma. Na kuna hatari isiyo ya mwili: mama anayetoka uani usiku kutafuta hewa anaonekana na majirani, maneno ya uchawi yanaanza. Si uchawi. Lakini jasho la usiku pamoja na kukohoa wiki mbili na kukonda si la kusingizia umri: apimwe kifua kikuu na virusi vya SIDA.

Mimba bado inawezekana

Hedhi ikikosa miezi mitatu, wengi wanasema "nimemaliza" na kuacha uzazi wa mpango. Hapo ndipo mimba ya miaka 46 inapoingia, na kwa barabara za Kabambare wakati wa mvua, mimba ya umri huo si mchezo. Mama aliye chini ya miaka 50 aendelee kujikinga miaka miwili kisha hedhi ya mwisho. Aliyepita 50, mwaka mmoja.

Damu ikirudi

Hili ndilo la kushika kuliko yote. Mwaka mzima umepita bila hedhi, halafu damu inatoka, hata tone moja. Shangazi wanacheka kwamba ujana umerudi. Haujarudi. Inaweza kuwa jambo dogo, lakini inaweza pia kuwa kansa ya kizazi ao ya shingo ya kizazi, na ikionekana mapema inatibika vizuri zaidi. Damu kisha tendo la ndoa, ao hedhi ya mabonge inayomwacha mama na kizunguzungu, nayo isingojewe.

Njia Kasongo inaijua toka zamani. Miaka ya 1970, mradi uliofanywa hapo pamoja na taasisi ya magonjwa ya kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ulipanga vituo vya afya kuzunguka lopitali moja. Mama anaanza kituoni, muuguzi anaandika karatasi ya kumtuma, kisha lopitali kubwa.

Ukavu ukeni unaleta maumivu, na mume anadhani amekataliwa. Aelezwe, asiharakishe. Majani na sabuni ndani vinachubua zaidi. Kwa mifupa, ndagala waliwao na miiba yao wanasaidia, pia kutembea. Dawa za homoni zipo, lakini kwanza munganga apime tension, aulize juu ya kansa ya titi na damu kuganda. Si za kununua kwa mchuuzi wa soko. Siku ya kwenda kituoni, mama abebe lile daftari: tarehe ya hedhi ya mwisho, usiku wa joto, na dawa zote alizokwisha kumeza.