Uchaguzi Mkuu wa Tanzania, 1995

Uchaguzi mkuu wa Tanzania wa mwaka 1995 ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Tanganyika na Zanzibar ziungane mwaka 1964. Wazanzibari walipiga kura tarehe 22 Oktoba kumchagua Rais wa Zanzibar na wajumbe wa Baraza la Wawakilishi. Wiki moja baadaye, tarehe 29 Oktoba, wananchi wa pande zote mbili za Muungano walimchagua Rais wa Jamhuri na wabunge. Chama Cha Mapinduzi (CCM) kilishinda, na Benjamin William Mkapa akawa rais wa tatu wa nchi.

Usuli

Tangu mwaka 1965 Tanzania ilikuwa chini ya mfumo wa chama kimoja kila upande: TANU Bara na ASP Zanzibar, hadi vyama hivyo viwili vilipoungana mwaka 1977 na kuzaa CCM. Kura ya rais ilikuwa ya "ndiyo" au "hapana" kwa mgombea mmoja. Ushindani wa kweli ulikuwa majimboni, ambako wagombea wawili wa chama kilekile walipambana, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine ya nyumba ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua.

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni ya wananchi. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka mfumo wa chama kimoja uendelee. Hata hivyo tume ilipendekeza vyama vingi, ikizingatia kwamba wachache nao wana haki ya kusikilizwa, na ikataja sheria 40 zilizopaswa kufutwa au kurekebishwa. Vyama vingi vilianza rasmi tarehe 1 Julai 1992. Sheria nyingi kati ya zile 40 zilibaki, na hapo ndipo malalamiko ya wapinzani kuhusu uwanja usio sawa yalipoanzia.

Jambo lingine lililozua mabishano ni mgombea binafsi. Mwaka 1994 Mchungaji Christopher Mtikila alishinda kesi Mahakama Kuu mjini Dodoma iliyoruhusu mtu kugombea bila chama, lakini Bunge likabadilisha Katiba na kuuzuia mlango huo. Mabadiliko ya mwaka huohuo yaliondoa utaratibu wa Rais wa Zanzibar kuwa Makamu wa Rais wa Muungano kwa wadhifa wake. Badala yake kila mgombea urais alitakiwa kuwa na mgombea mwenza. Sababu yake ilikuwa wazi: Zanzibar ingeweza kuchukuliwa na chama kingine.

Wagombea

Ndani ya CCM walibaki watatu: Waziri Mkuu Cleopa Msuya, Waziri wa Fedha Jakaya Kikwete, na Mkapa aliyekuwa Waziri wa Sayansi, Teknolojia na Elimu ya Juu. Kikwete aliongoza duru ya kwanza ya kura za mkutano mkuu, lakini hakufikisha nusu, na katika duru ya pili Mkapa akampita. Mkapa hakuwa na umaarufu mkubwa mitaani. Nguvu yake ilikuwa sifa ya uadilifu, na zaidi ya hapo uungwaji mkono wa Mwalimu Julius Nyerere, ambaye katika hotuba yake ya Mei Mosi mjini Mbeya alikuwa amekemea rushwa, udini na ukabila, kisha akazunguka nchi kumnadi.

Mpinzani mkubwa alikuwa Augustino Mrema, aliyepata umaarufu akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Baada ya kuondolewa serikalini mapema mwaka 1995 alihamia NCCR-Mageuzi. Mikutano yake ilijaa watu, na mashabiki walikuwa wakisukuma gari lake. Profesa Ibrahim Lipumba aligombea kwa tiketi ya CUF, na John Cheyo, aliyeitwa "Bwana Mapesa", kwa UDP.

Kura ya Zanzibar

Zanzibar ndiko ushindani ulikokuwa mkali kuliko kote. Matokeo yalikawia siku kadhaa. Hatimaye Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya asilimia 49.8 za Seif Sharif Hamad wa CUF, tofauti ya kura zisizofika 2,000. Katika Baraza la Wawakilishi CCM kilipata viti 26 na CUF 24, vikiwemo vyote vya Pemba. CUF kilikataa matokeo na wawakilishi wake wakasusia vikao vya Baraza. Mgogoro huo ulidumu hadi Muafaka wa mwaka 1999 uliosimamiwa na Jumuiya ya Madola, nao haukuumaliza.

Kura ya Muungano

Tarehe 29 Oktoba upigaji kura ulivurugika Dar es Salaam. Katika vituo vingi karatasi za kura na vifaa vingine vilichelewa sana au havikufika kabisa. Tume ya Taifa ya Uchaguzi, chini ya Jaji Lewis Makame, ilifuta uchaguzi katika majimbo yote saba ya jiji na kuurudia tarehe 19 Novemba. Vyama vya upinzani vilitaka uchaguzi urudiwe nchi nzima na kwenda mahakamani, lakini ombi lao lilikataliwa.

Mkapa alipata asilimia 61.8 ya kura, Mrema 27.8, Lipumba 6.4 na Cheyo 4.0. Kati ya viti 232 vya majimbo, CCM kilichukua 186, CUF 24 (vyote vya Zanzibar), NCCR-Mageuzi 16, CHADEMA 3 na UDP 3. Mkapa aliapishwa tarehe 23 Novemba 1995, na Omar Ali Juma akawa Makamu wa Rais.

Baada ya uchaguzi

Mrema aliingia bungeni mwaka 1996 kupitia uchaguzi mdogo wa Temeke. NCCR-Mageuzi kikagawanyika kati ya wafuasi wake na wale wa katibu mkuu Mabere Marando, na mwaka 1999 Mrema akahamia TLP. Mwaka 2000, kabla ya uchaguzi uliofuata, Katiba ilibadilishwa: mgombea urais hakuhitaji tena kuvuka nusu ya kura, bali kuwa na kura nyingi kuliko wenzake tu. Shauri la mgombea binafsi lilifika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo mwaka 2013 iliamua kwamba Tanzania ilivunja haki kwa kulazimisha wagombea watoke vyamani.